Kanuni Elfu Kumi: Kisa cha Kampuni Iliyoandika Maarifa Yake Mara Mbili

Panapozungumzwa suala la kuhifadhi maarifa ya kampuni, hofu inayotajwa ni ileile: mhandisi mkongwe anastaafu, na yote aliyoyajua yanaondoka naye. Dawa inayopendekezwa nayo ni ileile, yaani kumkalisha mkongwe huyo, kumhoji, na kuyaandika majibu yake kwa lugha rasmi ambayo kompyuta inaweza kuitumia. Digital Equipment Corporation ya Marekani, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha DEC, ilifanya hivyo kwa bidii ambayo kampuni chache za wakati wake ziliifikia, na iliendelea kufanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Kisa chake husimuliwa mara nyingi kama habari za fedha zilizookolewa. Fedha hizo zilikuwepo, nami nitazitaja mahali pake, lakini naamini kwamba sehemu yenye uzito zaidi ni ile inayosimuliwa mara chache: katikati ya miaka ya 1980 kampuni iligundua kwamba programu yake ina maelfu ya kanuni za namna ya “ikiwa hali ni hii, fanya hivi” zinazofanya kazi barabara, huku ikizidi kuwa vigumu kwa watu wake kueleza kwa nini kanuni fulani imeandikwa jinsi ilivyoandikwa. Ikalazimika kuyaandika maarifa yaleyale upya. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kanuni inayosema la kufanya bila kusema kazi yake katika mpango mzima huhifadhi tendo na kupoteza maarifa yaliyolizaa tendo hilo.

Mashine isiyofanana na jirani yake

DEC ilianzishwa mwaka 1957 na Ken Olsen na Harlan Anderson katika mji wa Maynard, jimbo la Massachusetts, ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani cha sufu. Mnamo Oktoba 1977 ilitangaza kompyuta ya VAX-11/780, ambayo haikuuzwa kama kifurushi kimoja. Mteja alijichagulia kumbukumbu, diski, taminali, printa, makabati na nyaya, na oda ya kawaida ilikuwa na vitu vipatavyo 90. Kwa sababu hiyo ilikuwa nadra mashine mbili kufanana, na swali la kama vitu vilivyoagizwa vinaweza kuunganishwa vikawa mfumo mmoja unaofanya kazi lilipaswa kujibiwa upya kwa kila mteja. Kazi ya kulijibu ndiyo inayoitwa usanidi, yaani kuamua vifaa gani viwemo, kila kimoja kikae wapi, na kiungwe kwa waya gani.

Muuzaji aliyeandika oda hakuweza kuyajua yote hayo. Angeweza kuandika diski na kusahau kadi ya kuiendesha, au kuandika kadi ambazo hazina sanduku la kukaa. Oda ilipofika kiwandani ilipitiwa na mafundi waliobobea, kisha mashine nzima ikaunganishwa, ikajaribiwa, ikafumuliwa tena na kupakiwa ili ikaunganishwe upya kwa mteja. Huo ulikuwa utaratibu salama, lakini ulikula nafasi na muda, na ulitegemea watu ambao hawakuweza kufunzwa haraka kama mauzo yalivyokua. Majaribio ya kuandika programu za kawaida za kufanya usanidi kwa kutumia lugha za kompyuta za FORTRAN na BASIC yalikuwa yameshindwa.

Inafaa kuona kwa karibu fundi huyo alikuwa akijua nini. Vifaa vingi vya pembeni vya VAX-11/780 viliungwa kupitia njia ya data iitwayo Unibus. Kila kifaa kilikuwa na kadi moja au zaidi za kielektroniki, kadi hizo zilichomekwa kwenye mabamba yaliyofungwa ndani ya masanduku, na masanduku yenyewe yalikaa ndani ya makabati. Fundi alipaswa kujua kwamba kadi yenye mpangilio fulani wa pini haikai kwenye bamba la mpangilio mwingine. Kwamba kila sanduku lina kikomo cha umeme linaoweza kuutoa. Kwamba mzigo wa kadi ukizidi kiasi, njia yenyewe huelemewa na huhitaji kifaa cha kuyapa mawimbi nguvu upya. Kwamba kadi nyingine hudai pia nafasi kwenye paneli ya kabati. Na juu ya hayo yote, kwamba upo utaratibu bora wa kadi kufuatana kwenye njia, unaotokana na kasi na kipaumbele cha kila kifaa. Masharti hayo huvutana. Kadi zikifuatana kwa utaratibu ulio bora zinaweza kuacha mapengo ndani ya masanduku, na mteja aliyelipia masanduku mawili akajikuta anahitaji la tatu. Fundi mzoefu alijaribu kwanza ule utaratibu bora. Ukishindikana kuingia katika nafasi iliyopo, aliusogeza kidogo, akijua ni kusogeza kupi kusikodhuru utendaji wa mashine. Ujuzi wa namna hiyo, wa kujua ni sharti lipi linaweza kulegezwa na lipi haliguswi, haukuwemo kwa ukamilifu katika kitabu chochote cha mwongozo.

Kutoka miongozo miwili hadi kanuni 750

Mnamo Desemba 1978 John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alianza kujenga programu aliyoiita R1, ambayo ndani ya DEC ilikuja kuitwa XCON. Alifunzwa misingi na wataalamu wa kampuni, akaisoma miongozo miwili iliyoeleza masharti ya usanidi, kisha akaandika toleo la kwanza ambalo kufikia Aprili 1979 liliweza kuonyeshwa. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kubwa katika mbinu yake yote: hakuendelea kuwahoji wataalamu kwa maswali ya jumla, aliwawekea mbele kazi ya programu ikiwa na makosa yake.

Mtaalamu akiulizwa anafanyaje kazi yake, hueleza hali ya kawaida. Hataji mambo yasiyo ya kawaida, na si kwamba anaficha. Hayamjii akilini mpaka hali yenyewe itokee. Lakini akionyeshwa mchoro wa mashine ambayo kadi yake imekaa mahali pasipofaa, atasema papo hapo kwamba hapo pamekosewa, atasema kwa nini, na mara nyingi ataongeza hali nyingine mbili tatu ambazo kosa hilo lingeweza kutokea. Hivyo ndivyo kanuni zilivyoongezeka hadi kufika 750 hivi mwishoni mwa 1979. Katika miezi ya Oktoba na Novemba mwaka huo programu ilipewa oda 50 halisi, na kundi la wataalamu likapitia matokeo ya kila moja. Makosa 12 ya maarifa yalibainika na kurekebishwa, na Januari 1980 programu ikaingia kazini. Hifadhidata yake wakati huo ilieleza vifaa 420 hivi, kila kimoja kwa sifa kadhaa: ukubwa, umeme kinaohitaji, aina ya pini, nyaya zinazokihusu.

Kanuni yenyewe ilikuwaje? Moja ya zile zilizochapishwa, tukiieleza kwa maneno ya kawaida, ilisema hivi: ikiwa kazi inayofanyika sasa ni kugawa pawa saplai (kifaa cha kutoa umeme), na kadi ya aina fulani imeshawekwa ndani ya kabati, na mahali ilipokaa panajulikana, na kabati lina nafasi ya pawa saplai inayolingana na mahali hapo, na ipo pawa saplai ambayo haijatumika, basi iweke pawa saplai hiyo katika nafasi hiyo. Mtu asiyejua programu angeweza kuisoma na kuikubali au kuipinga. Kanuni ziliandikwa kwa lugha iitwayo OPS4, na baadaye OPS5, iliyobuniwa na Charles Forgy katika chuo hichohicho. Forgy pia ndiye aliyevumbua njia ya hesabu iitwayo Rete, ambayo huiwezesha kompyuta kujua kanuni zipi zinatimia sasa bila kuzipitia zote upya kila hatua. Bila njia hiyo maelfu ya kanuni yasingeendeshwa kwa kasi inayovumilika kwenye mashine za wakati ule.

McDermott aligundua pia jambo ambalo halikutarajiwa. Matatizo ya namna hii kwa kawaida hutatuliwa kwa kujaribu, kushindwa, kurudi nyuma na kujaribu njia nyingine. R1 haikuhitaji kurudi nyuma ila kwa nadra, na ugumu ulijitokeza hasa katika ufuatanishaji wa kadi za Unibus nilioueleza hapo juu. Sababu ni kwamba kazi nzima iligawanyika katika hatua sita zinazofuatana: kukagua oda na kuongeza vilivyosahaulika; kujaza makabati ya kichakataji; kujaza masanduku ya Unibus; kuweka paneli; kupanga makabati sakafuni; na mwisho kuchagua nyaya. Kila uamuzi ulihitaji taarifa ambazo hatua zilizotangulia zilikuwa zimekwisha kuzitoa. Mafundi ndio walioufuata mpangilio huo miaka yote, na kwa maoni yangu hayo yalikuwa maarifa ya juu kuliko kanuni yoyote moja, kwa kuwa yalibeba ufahamu wa nini kinategemea nini. Kwa bahati mbaya, ndiyo yaliyopewa nafasi finyu zaidi katika maandishi rasmi ya mfumo. Hatua zilitajwa ndani ya kanuni kama jina tu la kazi inayofanyika sasa.

Pale kanuni sahihi zilipokuwa tatizo

DEC iliunda kikundi chake cha kuitunza programu, na kwa hilo yastahili sifa, kwa sababu taasisi nyingi huchukulia kwamba programu ikishakabidhiwa kazi imekwisha. Bidhaa mpya zilitoka mfululizo. XCON ilipanuliwa ishughulikie aina nyingine za kompyuta, na programu ndugu iitwayo XSEL ikajengwa ili kumsaidia muuzaji kuchagua vifaa kabla oda haijafika kiwandani. Hesabu zilipanda kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga tangu mwanzo: kufikia 1987 XCON ilikuwa na kanuni 6,200 hivi na vifaa 20,000 katika hifadhidata, na karibu nusu ya kanuni hizo zilibadilishwa kila mwaka. Mwishoni mwa muongo huo kanuni zilipita 10,000 na vifaa vilizidi 30,000. Watumishi wa DEC wenyewe walikadiria kwamba mkusanyiko mzima wa mifumo yao ya usanidi uliipa kampuni faida halisi ya zaidi ya dola milioni 40 kwa mwaka.

Sasa tuangalie ugonjwa uliokuwa ukikua chini ya mafanikio hayo. OPS5 ina namna yake ya kuchagua kanuni ya kutekeleza pale ambapo zaidi ya moja zinatimia: pamoja na mambo mengine, hupendelea iliyo na masharti mengi zaidi, kwa dhana kwamba hiyo inahusu hali mahususi zaidi. Dhana hiyo ina mantiki. Hata hivyo, mwandishi wa kanuni aliyetaka kanuni yake itangulie nyingine aligundua kwamba anaweza kuiongezea sharti moja ambalo daima ni kweli, nayo ikatangulia. Matokeo yake ni kwamba ndani ya kanuni moja yenye masharti manane, mengine yalieleza ukweli wa vifaa, kwa mfano kwamba kabati lina nafasi, na mengine yaliwekwa kwa ajili ya kupanga foleni ya utekelezaji tu. Kwa kuyatazama, hukuweza kuyatofautisha. Mhandisi mpya aliyeambiwa airekebishe kanuni hiyo kwa sababu kabati jipya limetoka, aliogopa kuondoa sharti lolote, na hofu yake ilikuwa ya haki: sharti lililoonekana halina kazi huenda ndilo lililozuia kanuni nyingine, iliyoandikwa na mtu mwingine miaka mitatu kabla, isijitokeze mahali pasipofaa.

Hapo ndipo mtu anaweza kuona jinsi maarifa yanavyopotea mbele ya macho huku yameandikwa. Kanuni ilikuwepo, ilifanya kazi, na kila herufi yake ilikuwa imehifadhiwa. Kilichokosekana ni sababu. Waandishi wake walipohamia kazi nyingine waliondoka na sababu hizo, sawasawa na mafundi wakongwe ambao hofu ya kuwapoteza huwasukuma watu kuanzisha miradi ya namna hii. Kampuni ikajikuta inawategemea wachache wanaoielewa programu kama ilivyowahi kuwategemea wachache wanaoielewa mashine.

Jibu la DEC lilikuwa mbinu iliyoitwa RIME, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kudhihirisha yaliyojificha ndani ya R1, ambayo Judith Bachant wa DEC na McDermott walikuwa miongoni mwa walioiendeleza. Kwa mujibu wake, haikutosha tena kuandika kanuni na kuuacha mfumo uichague. Kila kanuni ilipaswa kutangaza ni ya eneo gani la tatizo na inafanya kazi gani humo: kama inapendekeza hatua, inaondoa pendekezo lisilofaa, inachagua kati ya mapendekezo yaliyobaki, inatekeleza lililochaguliwa, au inapima kama lengo limefikiwa. Foleni ya utekelezaji ikatolewa ndani ya masharti ya kanuni na kuwekwa wazi mahali pake. Sharti lililobaki ndani ya kanuni likawa linahusu vifaa, kwa hiyo mtu angeweza kuliuliza swali la kawaida: je, bado ni kweli kwa bidhaa za mwaka huu?

Kuiandika XCON upya kwa mtindo huo kulikuwa na gharama kubwa, maana kila kanuni ya zamani ilibidi ihojiwe kama shahidi: hii iliwekwa kwa sababu gani, na je, ilikuwa kanuni moja au mbili zilizobanwa pamoja? Tathmini iliyotolewa mwaka 1987 na Elliot Soloway, Bachant na Keith Jensen ilishughulikia swali la kama mfumo ulioandikwa upya ungekuwa rahisi zaidi kuutunza. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua ya kweli ya kuhifadhi maarifa katika kisa hiki chote. Kanuni za 1979 zilikuwa zimeyaweka maarifa kazini. Zile za RIME ziliyaweka katika hali ya kueleweka na mtu ambaye hakuwepo yalipoandikwa.

Upande mmoja wa kazi hii haukuweza kutatuliwa kwa mbinu yoyote ya uandishi, nao ni hifadhidata ya vifaa. Kanuni sahihi kabisa hutoa mashine mbovu ikiwa urefu wa waya umeandikwa vibaya au kadi mpya haijaelezwa bado. Maelezo hayo yalikuwa mikononi mwa waliobuni vifaa, ambao walikuwa na haraka ya kutoa bidhaa, na ilibidi waeleweshwe kwamba kukieleza kifaa kwa ukamilifu ni sehemu ya kukibuni. Tatizo la aina hiyo ni la uongozi, na ndilo lenye nguvu ya kuua miradi mingi ya leo ya kuchora taratibu za kazi na kamusi rasmi za dhana, hata pale ambapo michoro yenyewe ni mizuri.

Yaliyosafiri na yaliyobaki

Soko la VAX lilipungua katika miaka ya 1990. DEC ilitoa kichakataji chake kipya cha Alpha mwaka 1992, mwaka uleule Ken Olsen alipouacha uongozi, na mwaka 1998 kampuni ikanunuliwa na kampuni nyingine ya kompyuta, Compaq. Njia ya Rete iliendelea kuishi katika programu nyingine, zikiwemo CLIPS, iliyojengwa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, katikati ya miaka ya 1980, na Drools, ambayo ni ya bure na inatumika hadi leo katika mifumo ya biashara. Kanuni za XCON zilibaki kuwa za DEC, zikiwa zimefungwa kwenye bidhaa zake na lugha yake.

Kipo kisa cha pembeni kinachosaidia kuipima hoja yangu, nacho kimetoka katika kundi hilohilo la watafiti. Wakati XCON ikikua, Sandra Marcus na McDermott walitengeneza chombo kiitwacho SALT, na kwa kukitumia ukajengwa mfumo wa VT uliosanifu lifti za kampuni ya Westinghouse. Tangu mwanzo SALT ilikataa kupokea kipande chochote cha maarifa mpaka kitaje kazi yake: ama ni njia ya kukokotoa thamani, ama ni sharti lisilopaswa kuvunjwa, ama ni namna ya kurekebisha sharti likivunjwa, ikiambatana na kipimo cha jinsi marekebisho hayo yasivyopendeza. Mhandisi wa lifti aliyesema kwamba uwiano wa mvutano kati ya pande mbili za kamba ukipita kikomo mtu huongeza uzito wa kamba za kusawazisha, alitakiwa aseme pia kama hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kujaribiwa au ni ya mwisho.

Miaka michache baadaye tatizo hilo la lifti liliandikwa kama zoezi la pamoja la watafiti, likijulikana kama Sisyphus II. Gregg Yost, aliyekuwa akifanya kazi DEC, ndiye aliyeandaa maelezo yake kwa lugha ya kawaida. Thomas Gruber na wenzake wakatayarisha modeli rasmi ya dhana zake, ambamo vifaa, vipimo, masharti na marekebisho vilitajwa kila kimoja kwa aina yake, bila kufungwa kwenye programu yoyote moja. Makundi kadhaa ya watafiti, yakiwa na vyombo tofauti kabisa na wengi wao wakiwa hawajawahi kusanifu lifti, yaliyachukua maelezo hayo, yakajenga mifumo yao wenyewe na kulinganisha matokeo katika toleo maalumu la jarida mwaka 1996. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu waliambiwa kila sharti liko pale kwa kazi gani, na kila rekebisho linagharimu nini likilinganishwa na jirani yake.